Vazi la Chembe, Jicho la Mwenyeji

Kwangua masizi ya chini ya sufuria, yamwage ndani ya glasi ya maji, kisha koroga. Masizi yatayakataa maji: mengine yataelea juu, mengine yatashikana mabonge na kuzama. Sasa chukua masizi hayohayo, yasage pamoja na gundi ya mgunga iliyolowekwa, halafu yatie majini. Glasi nzima itakuwa nyeusi, na weusi huo utadumu siku nyingi bila kutuama. Umekwisha kutengeneza wino. Na umefanya kazi ambayo leo maabara za dawa huifanya kwa gharama kubwa: umeivika chembe nano vazi.

Punje moja ya masizi ina upana wa makumi machache ya nanometa. Unywele wa kichwa chako una nanometa zipatazo 80,000. Kitu kikiwa kidogo kiasi hicho, sehemu kubwa ya maumbile yake huwa usoni, na ndani hubaki kidogo. Ndiyo maana damu ikikutana na chembe ya aina hii haiulizi kwanza imebeba nini. Inaweza kuwa dhahabu, chuma, mafuta au dawa ya saratani. Seli za kinga hugusa kilicho juu, na hukata shauri kwa hicho.

Binadamu wamezishughulikia chembe hizi kwa karne nyingi kabla neno nano halijazaliwa, kila watu kwa kusudi lao. Katika uhakiki huu naziweka pamoja mila nne: wachanganya wino, wachanjaji wa Kimakonde, wataalamu wa Ayurveda wa India, na wanakemia wa dawa wa nusu karne hii. Naziuliza maswali matatu yaleyale. Vazi lilikusudiwa kufanya nini? Nani hulisoma? Na mgeni akirudi mara ya pili, hupokelewaje?

Kitoweo

Kabla ya mavazi, tumfahamu mwenyeji. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Elie Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya lava wa kiti cha pweza, viumbe wanaopenyeza mwanga kama kioo. Kulipokucha alikuta seli zimeuzunguka mwiba. Akatambua kwamba mwili una seli ambazo kazi yake ni kula kilichoingia bila kualikwa. Zile kubwa huitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa; nyingi hukaa kwenye ini, wengu, mapafu na chini ya ngozi. Kwa kazi yake juu ya kinga aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 na Paul Ehrlich.

Mlaji huyo ana machaguo. Mwaka 1903, jijini London, Almroth Wright na Stewart Douglas walionyesha kwamba majimaji ya damu huwapaka bakteria kitu kinachowafanya walike kwa urahisi. Wakakiita opsonini, neno walilolichota kwenye Kigiriki. Vitabu vya Ulaya huhitaji maelezo marefu kuufafanua mzizi wake, maana opson ya Wagiriki wa kale ilikuwa kile kiliwacho pamoja na mkate ili mkate ushuke. Sisi tuna neno kamili: kitoweo. Kingamwili, pamoja na zile protini za damu ziitwazo komplimenti, ni kitoweo cha makrofaji. Bakteria mkavu humkaba kooni. Akishapakwa mchuzi hutelemka.

Ugunduzi wa pili ulitoka kwa mshairi. Leo Vroman, aliyezaliwa Gouda, Uholanzi, mwaka 1915, alijulikana kwao kwa mashairi, na huko New York kwa utafiti wa damu. Kuanzia miaka ya 1960 alionyesha kwamba uso wowote mgeni ukiingia damuni hugombewa na protini, na hugombewa kwa zamu. Albumini, iliyo nyingi na nyepesi, hufika kwanza. Baadaye huondoshwa na fibrinojeni na nyingine ambazo ni chache au nzito, lakini zikishika hushika kweli. Aliyehudhuria harusi ya pwani anaujua utaratibu huu: watoto huwahi kujaza mikeka ya mbele, wazee wakiingia watoto hunyanyuliwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Dublin na Lund walilipa tabaka hilo la protini juu ya chembe nano jina la korona, yaani taji. Jina limeenea, ingawa mimi naona mfano ulio karibu zaidi nasi ni kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Mtengeneza chembe huchagua pindo na mji: aina ya kitambaa, chaji yake ya umeme, urefu wa minyororo yake. Jina, yale maneno ambayo wapita njia watayasoma, huandikwa na damu yenyewe dakika chache baada ya mgeni kuingia. Tutakuta kwamba kila mila iliyodhani imejiandikia jina ilirudishwa shule.

Wino na chale

Gundi ya mgunga ni minyororo ya sukari inayopenda maji. Upande mmoja hujibandika kwenye punje ya masizi, upande wa pili husimama majini kama manyoya. Punje mbili zikikaribiana, manyoya yao husukumana, na punje haziwezi kushikana. Ufundi huo, kwa gundi hii au nyingine, uliandika vitabu vya Misri ya kale, vya China na vya ulimwengu wa Kiislamu ambao pwani yetu ni sehemu yake. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa maji, kisha karatasi, kisha jicho. Damu haikuwamo katika hesabu.

Iliingizwa baadaye. Mwaka 1953, jijini Paris, Guido Biozzi, Baruj Benacerraf na Bernard Halpern walieleza njia ya kupima hamu ya makrofaji. Waliwadunga wanyama mshipani kaboni ya wino iliyotulizwa kwa jelatini, wakachukua matone ya damu kila baada ya muda, wakapima weusi wake. Weusi ulififia kwa mpangilio uliotabirika, na kaboni ikakutwa imelundikana ndani ya ini na wengu. Kwa namna hiyo kifaa cha mwandishi kiligeuka rula ya daktari. Jelatini ilizuia punje zisigandane, haikuzuia zisiliwe. Vazi linaloridhisha maji haliridhishi damu kwa lazima, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha taaluma nzima ya kuvika chembe za dawa.

Wamakonde wa nyanda za Mueda, Msumbiji, na ndugu zao wa kusini mwa Tanzania, walikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Fundi alichanja uso na mwili michoro iitwayo dinembo, akapaka mkaa wa mbarika kwenye majeraha mabichi, akairudia ili ikolee. Mkaa ule haukuvikwa chochote cha kuuficha. Uliingia uchi, na mwenyeji akafanya kama afanyavyo siku zote: makrofaji wa ngozi waliumeza.

Hapo ndipo penye ajabu. Mkaa haumeng'enywi. Mlaji hubaki nao tumboni, na mstari wa dinembo tunaouona kwa mzee wa Newala ni safu ya seli zilizoshiba chakula zisichoweza kukimaliza. Lakini seli hufa, na mstari haufi, kwa nini? Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walilipatia jibu kwa panya waliochorwa mkiani. Waliwaua makrofaji wote waliobeba rangi, na mchoro haukubadilika. Rangi ilidondoka, makrofaji wapya wakaja, wakaiokota palepale. Mzigo ulipita mkono hadi mkono na mchoro ukabaki mahali pake.

Kwa swali la kwanza, basi, mila ya dinembo ndiyo pekee kati ya hizi za kale ambayo mafanikio yake yanategemea kuliwa. Kwa swali la tatu ina jibu ambalo maabara hazikuwa nalo kwa miaka mingi: kila mlaji mpya humpokea mgeni yuleyule. Na Kiswahili kiliunganisha mambo haya zamani. Mtu huchanjwa chale, mtoto huchanjwa kliniki; kitenzi ni kimoja, na seli zinazopokea ni za ukoo mmoja.

Majivu ya dhahabu

Huko India, tawi la Ayurveda liitwalo rasashastra hutengeneza swarna bhasma, majivu ya dhahabu. Mabati membamba ya dhahabu hupashwa moto na kuzimwa tena na tena ndani ya mafuta ya ufuta, mtindi na mkojo wa ng'ombe, kisha husagwa na kuchomwa kwa mizunguko mingi katika vyungu vilivyozibwa. Vipimo vya kuiva ni vya mkono na jicho: bhasma njema huelea juu ya maji, na ikisuguliwa kati ya vidole huingia ndani ya mistari ya ngozi. Vyombo vya siku hizi vimekuta ndani yake dhahabu ya makumi ya nanometa. Wazee hao walifika kwenye nano kwa kusaga.

Kinachonivutia zaidi ni dhana yao ya anupana, kibebeo. Bhasma haitolewi kavu. Hupewa mgonjwa ndani ya asali, samli au maji ya mitishamba, na inaaminika kwamba kibebeo kikibadilika, kazi ya dawa hubadilika. Hilo linakaribia sana fundisho la leo kwamba chembe moja yenye mavazi mawili ni dawa mbili.

Hata hivyo msomaji wa anupana ni ulimi na tumbo. Mila hii haikuwa na njia ya kumwona mlaji wa Metchnikoff, kwa hiyo haikuweza kuuliza kama samli ile hufika damuni ikiwa bado imeikumbatia dhahabu. Pia ufundi wa metali hausamehi uzembe. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani mwa mji wao. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Asali na samli haziifanyi zebaki kuwa tiba.

Blanketi la maji

Mila ya nne ina tarehe. Mwaka 1977 Frank Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, waliunganisha protini za ng'ombe na minyororo ya polietilini glaikoli, kwa kifupi PEG, wakakuta uwezo wa protini hizo wa kuamsha kingamwili umepotea. PEG yenyewe ni kitu cha nyumbani; imo katika dawa za meno, losheni na dawa za kulainisha choo. Kila pingili ya mnyororo wake hushika molekuli mbili tatu za maji, hivyo chembe iliyovikwa PEG ni kama imejifunika blanketi la maji. Protini zinazotafuta pa kushika huteleza. Wazo ni lilelile la gundi ya wino, manyoya yanayosukuma, ila safari hii msomaji aliyelengwa ni damu.

Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ukoo huu, kimeng'enya cha ng'ombe kwa watoto waliozaliwa bila kinga. Mwaka 1995 ikafuata Doxil: viputo vya mafuta vyenye upana usiozidi sana nanometa 100, ndani vikiwa na dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, nje PEG, kazi ya Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem. Idhini yake ya awali ilikuwa kwa saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, saratani ambayo madaktari wa Uganda waliifahamu kabla virusi hivyo havijatambuliwa. Viputo visivyovikwa PEG humezwa upesi na ini. Vya Doxil hudumu: siku mbili baada ya kudungwa, kiasi cha nusu ya dawa bado inazunguka.

Ufanisi huo ulizaa sifa. Vazi la PEG likaitwa vazi la siri, kwa jina linalokumbusha ndege za kivita zisizoonekana na rada. Sifa hiyo imekutana na mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza alitoka Mainz, Ujerumani, mwaka 2016. Watafiti wa huko waliziosha chembe zenye PEG, wakazipeleka kwa makrofaji bila kuzipitisha kwanza kwenye majimaji ya damu. Makrofaji walizila. Walipozipitisha damuni, zilikusanya protini moja hasa iitwayo klasterini, na ndipo makrofaji walipoziacha. Kumbe blanketi la maji halikuwa limemficha mgeni. Lilichagua nani akae kwenye mkeka wa mbele, na aliyekaa alikuwa mzee anayeheshimika, aliyemdhamini mgeni kwa walaji. Siri ya vazi la siri ilikuwa utambulisho mzuri.

Shahidi wa pili anajibu swali letu la tatu. Mwaka 2000 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwadunga wanyama viputo vyenye PEG, kisha wakawadunga tena baada ya wiki moja. Dozi ya kwanza ilizunguka kwa muda mrefu. Ya pili ilifagiliwa haraka mno na ini. Tatsuhiro Ishida na Hiroshi Kiwada wa Tokushima, Japani, walifuatilia chanzo chake hadi kwenye wengu: seli B zilikuwa zimelisoma vazi mara ya kwanza na kutengeneza kingamwili za aina ya IgM dhidi ya PEG yenyewe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Doxil huponyoka kwa sababu isiyopendeza: doksorubisini iliyomo huziua zile seli B ambazo zingetoa ushahidi. Chembe yenye vazi hilohilo na mzigo mpole zaidi haina kinga hiyo.

Shahidi wa tatu hungoja dakika tu. Wapo wagonjwa ambao dripu ya kwanza ikianza uso huwaka, kifua hubana, presha hubadilika. János Szebeni wa Budapest alieleza kwamba hili si aleji ya kawaida inayohitaji mwili uwe umekutana na dawa hapo awali. Ni komplimenti iliyoamshwa na uso wa chembe papo kwa papo. Manesi wana dawa ya busara: anza dripu polepole. Mwenyeji akipewa muda, hapigi kelele.

Nguo ya kuazima

Kizazi kilichofuata cha wanakemia kilijiuliza swali la kistaarabu zaidi. Badala ya kujificha, kwa nini chembe isivae kama ndugu? Seli nyekundu ya damu hupita mbele ya makrofaji wa wengu kwa takriban siku 120 bila kuguswa. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwa panya kwamba moja ya vibali vyake ni protini iitwayo CD47: seli nyekundu zilizokosa protini hiyo ziliondolewa damuni upesi. Makrofaji ana mkono maalumu wa kuipapasa, na akiipapasa hamu humtoka.

Mwaka 2011 kikundi cha Liangfang Zhang, San Diego, kiliondoa utando wa seli nyekundu za panya na kuzivisha chembe za plastiki laini inayooza mwilini. Chembe hizo zilikuwa na nusu uhai wa takriban saa 40 damuni mwa panya, na zenye PEG takriban saa 16. Mwaka 2013 Dennis Discher na wenzake wa Pennsylvania walipunguza zaidi: walichukua kipande cha amino asidi 21 tu kilichoiga CD47, wakakibandika kwenye chembe, na makrofaji wakachelewa kuzila. Tofauti yake na PEG ni ya kimawazo. PEG ilikusudiwa isisomwe. CD47 inataka isomwe, na isomwe sawasawa.

Ila nguo ya kuazima haisitiri matako. Utando wa seli nyekundu huja na alama zote za mwenyewe, zikiwamo za makundi ya damu A na B, na anayeuvaa hurithi ugomvi wa ukoo huo. Tena damu ya binadamu haipatikani kwa wingi wa plastiki. Kila benki ya damu katika Afrika Mashariki inajua uchache wake. Kwa hiyo kazi hii ni nzuri kwa hoja, na bado ni nzito kwa utengenezaji.

Aliyekuja aliwe

Wakati wenzao wakitafuta maficho, wengine walikuwa wamerudi, bila kujua, kwenye hekima ya dinembo. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha Feridex, chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa sukari ya dekstrani. Makrofaji wa ini walizipenda, na kusudi lilikuwa hilohilo: katika picha za sumaku ini zima liligeuka jeusi, na uvimbe wa saratani, usio na walaji hao, ukabaki mweupe kama doa kwenye kanzu nyeusi. Ugonjwa ulionekana kwa kukosa hamu ya kula.

Sukari hiyo nayo ina wasomaji wengine. Dawa ya upungufu wa damu iitwayo ferumoxytol, chuma ndani na jamaa wa dekstrani nje, iliidhinishwa mwaka 2009. Mwaka 2015 ilibandikwa onyo kali zaidi la serikali ya Marekani kwa sababu ya mishtuko ya mzio, mingine iliyoua.

Mwaka 2018 ilikuja patisiran, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, na ndani yake mna funzo kubwa kuliko yote. PEG ya chembe zake imefungwa kwa mikia mifupi ya mafuta ili idondoke damuni mapema. Ikishadondoka, protini ya damu iitwayo ApoE hukalia nafasi iliyoachwa, na ApoE ina mlango wake kwenye seli za ini. Fundi alishona vazi la kuvuliwa njiani, akijua nani atamvika mgeni la pili na vazi hilo litamfikisha nyumba gani. Hapo mwanakemia alikubali kwamba jina la kanga huandikwa na damu, akapanga kazi yake kwa kulifuata.

Chanjo za UVIKO-19 zilizojengwa juu ya kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman, washindi wa Nobel ya mwaka 2023, zilisafiri katika chembe za mafuta za ukoo huohuo. Kwenye msuli wa bega, kuliwa na seli za kinga ni sehemu ya mpango. Mishtuko mikali ya mzio ilikuwa nadra sana. Kwa chanjo ya Pfizer, hesabu za mwanzo za Marekani zilikuta visa kama vitano kwa kila dozi milioni moja. PEG imetajwa kama mshukiwa mmojawapo; kesi yake bado inasikilizwa.

Hukumu

Tuyarudie maswali yetu. Juu ya kusudi, mila hizi zinagawanyika mara tatu. Wino na PEG ya awali zilitaka kitu kisishikwe. Utando wa seli nyekundu ulitaka kitu kidhaniwe ndugu. Dinembo, Feridex na chanjo zilitaka kitu kiliwe, na kiliwe na mlaji anayefaa. Bhasma inakaa pembeni: iliujua umuhimu wa kibebeo, ikakosa jicho la kukifuatilia.

Juu ya msomaji, hakuna vazi hata moja ambalo halikusomwa. Hata PEG, iliyosifiwa kwa kutosomwa, ilisomwa na klasterini, na komplimenti, na wengu. Kwa hiyo naona istilahi ya vazi la siri ni ya kuachwa, na wanaotunga istilahi za Kiswahili wasiikaribishe. Tuseme vazi la utambulisho. Neno hilo linamlazimisha anayelitumia kuuliza: utambulisho kwa nani?

Juu ya kurudi mara ya pili, mila iliyokubali kuliwa ndiyo iliyokaa raha. Mchoro wa dinembo huvuka kutoka seli hadi seli kwa miongo, na chanjo hufurahia kukumbukwa. Aliyejificha ndiye ambaye kumbukumbu humponza. Dawa itakayotolewa mara moja maishani inaweza kuvaa PEG bila hofu kubwa. Dawa ya kila mwezi ipimwe kwanza kwa dozi ya pili na ya tatu.

Linabaki suala la mwenyeji mwenyewe, na hapa ndipo uzito wa hoja yangu ulipo. Kama damu ndiyo inayoandika jina, basi damu tofauti huandika majina tofauti. Chembe za chuma na dekstrani huamsha komplimenti ya panya kwa njia zisizolingana na za binadamu. Aliyefaulu kwa panya hajafaulu kwetu. Na sisi kwa sisi hatulingani. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, kwa urithi wa damu uitwao Duffy hasi ambao huwakinga na malaria ya vivax, wana nyutrofili chache kuliko kipimo kilichoandikwa kwa kufuata damu za Ulaya, nao ni wazima wa afya. Nyutrofili ni walaji. Mwenye walaji wa idadi nyingine, mwenye kingamwili zilizonolewa na malaria na minyoo tangu utotoni, hawezi kuchukuliwa kuwa atamvika mgeni nguo ileile anayovikwa mjini Boston au Mainz.

Kipimo chenyewe hakihitaji jumba la fahari. Kinahitaji mirija ya damu ya watu waliokubali kuitoa, chembe inayochunguzwa, joto la nyuzi 37, saa moja ya kusubiri, na mashine ya kutambua protini zilizoshika. Taasisi za utafiti za Dar es Salaam, Ifakara, Nairobi, Kilifi na Entebbe zina watu wanaoweza kazi hiyo. Basi wanaotununulia dawa hizi wasiishie kwenye bei na tarehe ya kuharibika. Wamwulize muuzaji: vazi hili limejaribiwa katika damu ya nani?